Kumsoma Beatrix Potter kwa mfuatano wa miaka: ushauri kwa anayetaka kuandikia watoto

Mtu akiniuliza aanzeje kuandika vitabu vya watoto, simwelekezi kwanza kwenye warsha wala kwenye vitabu vya mbinu za uandishi. Humwambia achague mwandishi mmoja aliyekwishamaliza kazi yake, ambaye barua na miswada yake imehifadhiwa, amsome tangu kazi ya kwanza hadi ya mwisho kwa kufuata miaka, huku akijiuliza kila kitabu kilitokana na nini, nani alikikataa, na kilibadilishwa vipi kabla ya kumfikia mtoto. Mimi nilimchagua Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji aliyezaliwa London mwaka 1866 na kufariki mwaka 1943, na mazoea mengi ninayoyafuata hadi leo nikikaa mezani kuandika nimeyapata kwake.

Jambo la kwanza ni msomaji. Hadithi ya sungura aitwaye Peter, The Tale of Peter Rabbit, iliyompatia Potter jina haikuanza kama kitabu, bali kama barua yenye michoro aliyomwandikia Noel Moore, mtoto mgonjwa wa mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu wake wa nyumbani, mwezi Septemba mwaka 1893. Hakuwa akiandikia “watoto” kwa ujumla wao, kundi ambalo kwa kweli halipo; alikuwa akimwandikia mtoto mmoja aliyelala kitandani, mwenye kuhitaji kuchekeshwa na kutiwa hofu kidogo. Kwa hiyo kabla sijaanza hadithi yoyote huwa namteua mtoto ninayemfahamu, nikamwandika jina lake juu ya mswada, na kila nikikwama najiuliza kama yeye angeendelea kusikiliza hapo. Nawashauri wengine wafanye vivyo hivyo, kwa sababu mwandishi anayeandikia watoto wote huishia kuwahubiria, na hakuna anayegundua mahubiri upesi kama mtoto.

Inafaa kukumbuka pia kwamba barua ile haikugeuka kitabu mara moja. Miaka kadhaa ilipita kabla Potter hajaomba aazimwe barua yake, ambayo kwa bahati njema Noel alikuwa ameitunza, akairefusha na kuichora upya. Hadithi iliyomfurahisha mtoto mmoja jioni moja bado ni malighafi tu.

Jambo la pili, ambalo nimeona waandishi wengi wakilipuuza, ni kwamba kitabu cha mtoto ni kitu cha kushikwa mkononi kabla hakijawa maneno. Potter alitaka kitabu kidogo, kinachoenea katika viganja vya mtoto, chenye bei nafuu, maandishi yakiwa upande mmoja na picha upande wa pili. Wachapishaji kadhaa walikataa mswada wake, naye mwezi Desemba mwaka 1901 akachapisha nakala 250 kwa gharama zake mwenyewe, nazo zikamalizika haraka hivi kwamba ilibidi nyingine zichapwe miezi michache baadaye. Kampuni ya Frederick Warne, ambayo nayo ilikuwa imekataa hapo awali, ilikubali kukitoa kwa sharti kwamba picha ziwe za rangi, na toleo hilo la mwaka 1902 likauzwa kwa shilingi moja ya Kiingereza. Tazama alivyojadiliana: juu ya rangi alikubali, na idadi ya michoro akaipunguza, lakini udogo wa kitabu haukuguswa. Mwandishi anayejua ni kitu gani hasa kinachokifanya kitabu chake kuwa kile kilivyo hawezi kubabaishwa na mhariri, na vilevile hana sababu ya kugombana naye juu ya kila kitu.

Ili kuliona umbo la mswada wangu, hutengeneza kitabu cha mfano. Huchukua karatasi nane za kawaida, nikazipanga pamoja, nikazikunja katikati na kuzishona kwa uzi kwenye mkunjo. Hapo napata kurasa 32, idadi inayotumika sana katika vitabu vya picha kwa sababu karatasi kubwa za kiwandani hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya kurasa nane au 16. Baada ya kutoa kurasa za jina la kitabu na za maelezo ya uchapishaji, hadithi hubakiwa na jozi 12 hadi 14 hivi za kurasa zinazotazamana. Hapo ndipo mswada uliodhaniwa umekamilika huanza kuvuja. Unakuta jozi tatu za kurasa mhusika amekaa palepale akizungumza, mchoraji hana la kuchora, na tukio kubwa kuliko yote limeangukia upande wa kulia, mahali ambapo jicho la mtoto linaliona kabla sauti ya msomaji haijalifikia. Tukio la kushtua linapaswa kusubiri hadi ukurasa ufunuliwe, na sentensi inayotangulia ikatwe mahali ambapo mkono wa mtoto utataka wenyewe kufunua.

Nitoe mfano kutoka kwenye mswada wangu mmoja. Rasimu ya awali ilisema: “Kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia zote zilikuwa zimejaa matope, Konokono aliamua kuiahirisha safari yake.” Nilipoisoma kwa sauti, mtoto aliyekuwa pembeni yangu alifunua ukurasa kabla sijafika kwenye safari. Nikaandika: “Njia ilijaa matope. Konokono akarudi ndani.” Kisha michoro ilipoletwa, matope yalikuwa yametapakaa ukurasa mzima, nami nikafuta sentensi ya kwanza. Maneno matatu yalitosha, kwa kuwa mengine yote yalikuwa yameshasemwa na picha. Ukiwa mwandishi usiyechora, jizoeze kuacha nafasi hiyo tangu mwanzo. Usimwelezee mchoraji rangi ya shati la kila mhusika isipokuwa hadithi inaitegemea.

Potter alikuwa na faida ya kuchora mwenyewe, na uchoraji wake ulijengwa juu ya uchunguzi wa miaka mingi. Alichora uyoga kwa makini ya mwanasayansi, hata andiko lake kuhusu namna mbegu zake zinavyoota likawasilishwa mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe hai cha London, mwaka 1897, ingawa yeye mwenyewe hakuwapo. Makini hiyo imo katika hadithi zake. Peter anapokimbizwa bustanini anapoteza viatu, na akishavipoteza anakimbia kwa miguu minne na kasi inaongezeka. Mavazi ni ya mtoto, lakini mwili ni wa sungura. Tena, mwanzoni kabisa mwa kitabu mama anawaambia wanawe, kwa sentensi tulivu, kwamba baba yao aliingia katika bustani ile akaishia kuwa kitoweo. Sioni sababu ya kuwaficha watoto hatari, mradi isemwe kwa ufupi na bila kuirembesha. Vitabu vingi vya siku hizi vinachosha kwa sababu hakuna kinachoweza kumpata mhusika.

Juu ya mikataba nitakuwa mfupi. Mwaka 1903 Potter alitengeneza mwanasesere wa Peter na kumsajili, jambo lililoonyesha kwamba alifahamu mapema thamani ya wahusika wake nje ya kurasa. Kinyume chake, hakimiliki ya kitabu chenyewe haikusajiliwa Marekani, na nakala zilizochapwa huko bila ruhusa hazikumletea chochote. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, uliza mrabaha wako, yaani sehemu unayolipwa kwa kila nakala inayouzwa, unahesabiwa kutokana na bei iliyo kwenye jalada au kutokana na fedha anazopokea mchapishaji, kwa kuwa asilimia ileile huleta kiasi tofauti kabisa. Uliza mkataba unahusu nchi na lugha zipi, nani anamiliki wahusika, na haki zinakurudia lini kitabu kikiacha kuchapwa. Mhariri mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Baada ya kuolewa na William Heelis mwaka 1913, vitabu vya Potter vilipungua. Macho yalianza kudhoofika, na moyo wake ulihamia kwenye mashamba ya Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na ufugaji wa kondoo wa aina ya Herdwick; alipofariki aliiachia National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, zaidi ya ekari 4,000. Baadhi ya vitabu vya kipindi hicho vilijengwa juu ya michoro na visa alivyokuwa navyo tangu zamani, na kwa maoni yangu vinaonekana hivyo. Nawaambia waandishi wanaojilazimisha kutoa kitabu kila mwaka wavisome pia, wavilinganishe na vya miaka ya 1902 hadi 1912, wakati alipokuwa akiandika kwa sababu kisa chenyewe kilimsukuma.

Ukiamua kumsoma, anza na kile cha mwaka 1902, kisha The Tailor of Gloucester, alichokipenda kuliko vyote. Hicho nacho alikichapisha kwanza mwenyewe, na toleo la Warne la mwaka 1903 lilipunguza mashairi mengi ya kitoto yaliyokuwamo. Ukipata matoleo yote mawili, yasome yakiwa yamewekwa bega kwa bega, ukitia alama kila kilichoondolewa. Fuatia na kisa cha bata Jemima cha mwaka 1908, kisha The Tale of Mr. Tod cha mwaka 1912, ambapo anatangaza mapema kwamba sasa atasimulia habari za watu wawili wasiopendeza. Soma vyote kwa sauti, na ikiwezekana uwe na mtoto karibu mwenye ruhusa ya kufunua kurasa mwenyewe.