Macho ya mtoto mchanga: mliyouliza wiki hii

Mtoto ana siku tatu, kope zimevimba, usaha unatoka. Mama mkwe anasema nimkamulie maziwa ya titi machoni. Nisubiri? (Tanga)

Usisubiri kesho, mama. Maziwa yaende mdomoni. Huenda ni kisonono, ambacho mtoto huambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa. Usaha wake hujitokeza kati ya siku ya 2 na ya 5: mzito, wa manjano, ukiufuta unarudi kabla hujakunja kitambaa. Ukiachwa, unaweza kutoboa kioo cha jicho kwa siku chache, hata moja. Futa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake, kisha ondoka uende hospitali. Huko atachomwa sindano ya seftriaksoni na kuoshwa macho mara kwa mara. Tyubu ya duka la dawa peke yake haitoshi. Mama mkwe akinung'unika, mwambie mimi ndiye niliyekutuma.

Mkunga alimpaka mwanangu dawa machoni hata sijamwona vizuri. Ya nini, na macho yalikuwa mazima? (Nakuru)

Ni kinga, mara nyingi tetrasaiklini ya asilimia 1. Hupakwa mara moja, macho yote mawili, muda mfupi baada ya kuzaliwa, kwa sababu vijidudu huchukuliwa njiani wakati wa kutoka. Aliyeanzisha utaratibu huu ni Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1880, kwa matone ya nitrati ya fedha. Kabla yake, karibu mtoto 1 kati ya 10 wodini kwake aliugua macho; baadaye ikawa nadra. Nanyi Kenya mna mchango wenu: huko Kikuyu watoto zaidi ya 3,000 walishiriki katika jaribio la matone ya povidoni-iodini (aina ya iodini) ya asilimia 2.5. Majibu yalichapishwa 1995, na iodini, dawa ya bei ndogo, ilikinga vizuri kuliko nitrati ya fedha. Kwa hiyo ukijifungua tena na usione mtoto akipakwa, uliza.

Mtoto amekutwa na klamidia ya macho. Mume wangu anasema yeye haumwi popote, basi nimeitoa wapi? (Mwanza)

Kutoumwa si ushahidi. Klamidia, ugonjwa wa zinaa kama kisonono, hukaa kimya miezi mingi, kwa mke na kwa mume, na kipimo hakisemi nani alianza. Mtoto hupewa dawa ya kunywa, maana vijidudu hivyo huweza kushuka mapafuni. Ninyi nanyi tibiweni pamoja, na msikutane mpaka mmalize, la sivyo mtarudishiana. Mimba ijayo, jua hili: kliniki nyingi hupima kaswende na VVU, lakini si kisonono wala klamidia. Ukiona uchafu ukeni au mkojo ukichoma, mwambie nesi, hata asipouliza. Aibu ya dakika tano, mama.

Shangazi anataka kumpaka mtoto wanja. (Mombasa)

Machoni, hapana. Wanja mwingi una madini ya risasi, na kijiti kimoja hupita macho ya nyumba nzima.

Wangu ana miezi miwili, jicho moja linatoa machozi na tongotongo kidogo, ila si jekundu. (Dodoma)

Huenda mfereji wa machozi haujafunguka. Wengi hufunguka kabla ya mwaka. Nawa mikono, kanda taratibu kona ya jicho ukishuka kando ya pua, mara kadhaa kwa siku. Likiwa jekundu au likivimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.