Kondoo wa nyama na sufu: usimuuze dume kabla mabinti zake hawajazaa

Mkuu umeuliza kwamba una majike chotara, unataka kufika kwenye kundi la damu safi lenye nyama na sufu, je ukinunua dume mmoja mkali wa bei inatosha? Haitoshi, ila pa kuanzia ni hapo hapo.

Hesabu ya damu ni rahisi. Jike asiye na damu kabisa ya mbegu unayotaka, ukimpandisha dume safi unapata 50%, binti yake akipandwa na dume safi mwingine 75%, kisha 87.5%, kisha 93.75%. Vyama vya wafugaji vinatofautiana, vingine vinamwandikisha jike kama safi kwenye 7/8 na vingine mpaka 15/16, kwa hiyo soma masharti ya mbegu yako kabla hujaanza kununua hereni za alama za masikioni. Mimba ni siku kama 147 na jike wengi wanazaa mara ya kwanza wakiwa na mwaka mmoja hadi miwili, hivyo vizazi vinne ni kazi ya miaka, usidanganywe na mtu.

Sasa asilimia ni karatasi tu aisee, kondoo anaweza kuwa na 93% ya damu na bado akawa hovyo. Na kwenye kondoo wa kazi mbili ndo balaa zaidi kwa sababu ukikazana na mwili sufu inaharibika kimya kimya, ukikazana na sufu unabaki na vikondoo vyembamba vilivyovaa koti. Mimi sufu naiwekea kiwango cha chini, asiyefika anatoka hata awe na mgongo mpana kiasi gani, halafu kati ya waliofika ndo nachagua kwa ukuaji na uzazi.

Kukagua sufu fungua kwa vidole sehemu tatu, begani, ubavuni na pajani. Begani karibu kila mnyama anapendeza, muuzaji anajua na ndo maana atakufungulia pale. Wewe nenda pajani. Ukiona nywele nene nyeupe kama chaki zimejichanganya kwenye sufu basi hapo kuna tatizo, nywele hizo hazishiki rangi vizuri na zinashusha daraja la mzigo mzima. Chomoa kishungi, yaani kifungu kidogo cha nyuzi za sufu, shika ncha zote mbili kisha vuta, kikikatika katikati mnyama alipata homa au njaa au alichoka na kuzaa, hilo la matunzo usiilaumu damu.

Sufu ina raha yake, inarithika vizuri na unaipima kwa mnyama mwenyewe, awe dume awe jike, unachokiona mkononi kwa kiasi kikubwa ndicho atakachotoa. Uzazi sivyo. Idadi ya watoto kwa mzao inarithika kidogo sana, kama 10% tu ya tofauti unazoziona, na maziwa dume hana kiwele cha kukuonyesha. Utajua ana nini siku mabinti zake watakapozaa, na kufikia siku hiyo wengi wameshamuuza au wameshamla!! Nilikuwa na dume mmoja, mwili wa haja, sufu safi mpaka pajani, wageni wote walikuwa wanamuulizia yeye, mabinti zake walipozaa viwele vikawa vidogo na chuchu zimeangalia pembeni, watoto wanahangaika kunyonya. Ukoo wote niliutoa. Dume mwingine wa kawaida tu, hakuna aliyewahi kumuulizia, mabinti zake mpaka leo ndo uti wa mgongo wa kundi.

Robert Bakewell, mfugaji wa kule Uingereza karne ya 18, alilijua hili, madume yake alikuwa anayakodisha kwa msimu, yanazaa kwenye makundi ya wenzake, yeye anapita kuangalia watoto, na dume aliyetoa vitu anamrudisha kwake.

Kwa hiyo dume abaki lakini asipande mabinti zake, baba na binti unapata mtoto mwenye 25% ya undugu wa damu na hasara utaiona kwenye uhai wa watoto. Gawa kundi koo tatu kwa rangi za hereni, watoto majike wanabaki rangi ya mama, madume wanahamia rangi inayofuata, nyekundu kwenda bluu, bluu kwenda njano, njano kurudi nyekundu. Mabinti wakifika umri wa kupandwa wape dume mwingine, mzee aendelee na majike wakubwa.

Kitu kingine, wakati wa kuachisha ziwa usichague kwa macho. Mtoto aliyezaliwa peke yake lazima awe mkubwa, maziwa yote ni yake, ukichagua wakubwa tu miaka yote unajikuta unafuta mapacha kwenye kundi lako na hujui umewafutaje. Linganisha pacha na pacha, wa pekee na wa pekee, na watoto wa mama wa uzao wa kwanza wapime wenyewe kwa wenyewe. Mizani na daftari, basi.

Taya lisilokutana na fizi, miguu mibovu, jike aliyewahi kutokwa na kizazi, hao sina mjadala nao.

Sasa hilo dume lako. Ukienda kununua omba uonyeshwe mama yake kwanza, mshike kiwele, kisha dada zake walioshazaa. Muuzaji akisema wako malisho ya mbali, nawe rudi siku watakapokuwa karibu. Na kama yuko tayari kukukodishia msimu mmoja badala ya kukuuzia, kodi.