Kusikia ni kwingine, kukubali ni kwingine

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini jambo zuri hutangazwa kila siku redioni na bado watu hawalishiki. Ni kwa sababu anayekuletea habari na anayekufanya ukubali mara nyingi si mtu mmoja.

Tazama mahindi chotara huko Iowa, Marekani. Watafiti Bryce Ryan na Neal Gross waliwahoji wakulima 259 wa jamii mbili, wakachapisha matokeo mwaka 1943. Wengi walisikia habari za mbegu hiyo kwanza kwa wachuuzi wa mbegu. Lakini walipoulizwa nani hasa aliwashawishi, waliotajwa zaidi walikuwa majirani. Tangu kusikia hadi kuikubali ilipita wastani wa miaka kama 9! Hata walioanza hawakuvamia shamba zima. Walipanda kipande kidogo, wakavuna, wakapima, msimu uliofuata wakaongeza. Kufikia 1941 waliobaki bila kuitumia walikuwa 2 tu.

Naamini hata kwetu ndivyo. Shangazi yangu alikataa maneno ya mabwana shamba kwa miaka, hadi siku aliyosimama kwenye mpaka wa shamba lake akaona mahindi ya jirani yamesimama wima baada ya upepo, yake yamelala chini. Jioni ileile alikwenda kuuliza jina la mbegu.

Kwa hiyo kama una jambo unataka lienee kijijini kwenu, mtafute kwanza mkulima mmoja anayeheshimika, tena ambaye shamba lake liko kando ya njia.