Kwa wadogo zangu mnaoanza kuongoza seli, vikundi vyetu vidogo vya maombi: mstari wa kumi kwanza

Alhamisi iliyopita nilikaa nyuma kabisa ya chumba cha maombi, karibu na mlango, kwa kuwa nilichelewa. Mmoja wenu, kijana ninayempenda na ambaye kipawa anacho kweli, alimwekea mkono papa mmoja, yaani baba wa makamo, wa Birere, hapa Goma. Duka la mbao la huyo papa liliungua pamoja na mali aliyonunua kwa pesa ya likelemba, ule mchango wa kupokezana. Kijana akafunga macho, akapandisha sauti, akasema: "Bwana asema, kabla mwezi huu haujaisha utakuwa na duka mara mbili ya lile." Watu wakapiga vigelegele. Mimi tumbo lilinikata, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe, karibu neno kwa neno, na ninajua yalinifikisha wapi.

Basi nimeandika. Kufungua ibada, kupanga zamu za kesha na kuhesabu sadaka mnavijua, sivirudii.

1. Biblia si mfuko wa kuchovya mkono.

Mtu ana shauri zito, anafunga macho, anafungua popote, anaweka kidole: hapo ndipo Mungu amesema. Ndugu yetu mmoja alitaka kujua kama akubali kazi Beni. Kidole kikaangukia 1 Mambo ya Nyakati, kwenye zile sura tisa za mwanzo ambazo ni majina matupu, fulani akamzaa fulani. Alikesha akitafuta jina linalofanana na la mkubwa wake wa kazi, na asubuhi akatuletea moja lenye herufi tatu zinazolingana. Tulicheka mpaka na yeye akacheka. Kisha tukakaa naye tukamuuliza mambo ya kawaida: mshahara ni kiasi gani, mke anasemaje, barabara ikoje, wazazi utawaacha na nani. Neno ni taa ya miguu, inasema Zaburi 119. Taa inakuonyesha pa kukanyaga. Kutembea unatembea mwenyewe.

Someni kitabu kizima, polepole, sura kwa sura. Inachosha, na hakuna njia nyingine.

2. Yeremia 29 ina mistari kumi kabla ya ule mnaoupenda.

Hapa mtanivumilia.

Mwisho wa 2022, watu wa Rutshuru walipoteremka wakikimbia vita na kambi ya Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, ikajaa, seli yetu ilikuwa ikipanda kule Jumamosi na maharagwe, sabuni na nguo. Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, zamu ya neno ikaniangukia. Nilikuwa nimefunga siku tatu na nilijisikia nimejaa. Nikasoma Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya," nikafunga kitabu. Mbele yangu aliketi mama mmoja wa Rugari, huko Rutshuru, na watoto wanne, wa mwisho akiwa mgongoni. Nikamnyoshea kidole: "Mama, Noeli hii utapika kwako. Bwana amesema."

Bwana hakuwa ameniambia kitu. Nimejiuliza mara nyingi nilitafuta nini siku ile, na jibu ni hili: nilitaka kuona uso wake ukibadilika kabla gari letu halijarudi mjini. Na ulibadilika. Alilia, akaimba, akanishika mikono yote miwili. Nilirudi nyumbani nikijiona mtumishi.

Mwezi wa tisa masomo yakaanza. Hakumwandikisha mtoto wake mkubwa. Amwandikishe huku kwa nini, na Noeli watakuwa kwao? Mwezi wa kumi na mbili akauza masufuria mawili, kisha turubai lake la akiba, apate nauli ya watu watano. Noeli ikafika, vita bado. Mvua ikanyesha usiku baada ya usiku juu ya kibanda kilichobaki na turubai moja lenye matundu, na yule mdogo akapatwa na kifua. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini hayo yote yalipotokea mimi nilikuwa mjini nikifundisha juu ya imani.

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza aliteremka kwa miguu mpaka kwetu Majengo. Alingoja ibada iishe, akanivuta pembeni. Nilitegemea hasira, na ingekuwa haki yake. Aliniuliza kwa sauti ya chini, akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, Mungu alibadilisha mawazo, ao ni mimi nilikosa imani?"

Nawaomba mkae na swali hilo. Kwa majuma mengi yule mama alikuwa akijichunguza, akitafuta dhambi iliyozuia ahadi. Njaa alikuwa nayo tayari, na vita, na mvua. Mimi nikamwongezea hatia, na nikaiandika jina la Mungu.

Sikumjibu. Nilimpa nauli ya kurudi, nikaenda kwa mama mmoja mzee aliyeongoza maombi ya wamama kwetu tangu mimi nikiwa kijana wa kwaya. Nilimkuta anachambua maharagwe. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akasema: "Fungua Yeremia 28, usome kwa sauti."

Nikasoma. Nabii Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba katika miaka miwili Mungu atavunja nira ya mfalme wa Babeli, vyombo vitarudi, wafungwa watarudi. Yeremia, ambaye amevaa nira shingoni, anamjibu: Amina, BWANA na afanye hivyo. Mnaona? Hata yeye alitamani iwe kweli. Hanania anamvua ile nira na kuivunja mbele ya watu. Ninaamini vigelegele vilipigwa. Kabla mwaka haujaisha Hanania alikufa, na wafungwa walikuwa bado Babeli.

"Endelea na ya 29," akasema, "na usiruke."

Sura ya 29 ni barua. Yeremia anawaandikia hao hao waliohamishwa: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, mzae. Mstari wa 7, utakieni amani mji mliomo. Mstari wa 8, manabii walio kati yenu wasiwadanganye. Mstari wa 10, miaka sabini. Sabini! Ndipo inakuja ile ya 11. Waliosikia barua ikisomwa wakiwa na nywele nyeupe walijua watazikwa kule, na hata hivyo mawazo ya amani yalikuwa juu yao pia, na juu ya wajukuu ambao hawajazaliwa.

Mama mzee akaacha maharagwe. "Sasa wewe kule Kanyaruchinya ulikuwa nani? Yeremia ao Hanania?"

Jumamosi iliyofuata nilipanda. Niliomba msamaha mbele ya watu wale wale walionisikia mwezi wa nane, kwa maana kosa la mbele ya watu halitubiwi pembeni. Nikamwambia: mama, Mungu hakubadilisha mawazo, na imani yako haikupungua. Maneno yale yalikuwa yangu. Alininyamazia muda mrefu. Halafu akasema, "Ningejua ni yako, ningebaki na turubai langu." Sijasahau, na sitaki kusahau. Seli ilichanga, tukanunua turubai na masufuria, mtoto akaingia shuleni katikati ya mwaka akiwa nyuma ya wenzake. Mama mzee alikuja na mifuko mitatu mitupu, udongo na mbegu za mboga ya lengalenga, maana juu ya yale mawe ya volkano hakuna pa kupalilia. Wakapanda ndani ya mifuko, yeye na yule mama, wakizungumza mambo ya watoto. Biblia hakuifungua.

Tarehe msiweke. Someni mstari wa kumi, na wa tano, na sura iliyotangulia.

3. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba, walipokaa naye chini bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua mdomo. Kwenye matanga, kaeni.

4. Kuomba na kufunga mizigo vinakwenda pamoja.

Wengi wenu mnakumbuka Jumamosi ile, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipokuwa nyekundu juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Waliokuwa mjini hapa 2002 hawakuhitaji kuelezwa: mwaka ule moto wa mlima ulipita katikati ya mji na kanisa kuu la Wakatoliki likaenda nalo. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatikisika, agizo la kuhama kuelekea Sake lilipotoka, kikundi kimoja kwetu kilitaka kujifungia kifunge na kuomba mpaka mlima utulie. Papa mmoja mzee alikuwa akifunga magodoro juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Akawaambia, "Bwana anasikia hata Sake." Njiani, katikati ya ule umati, alikuwa akisema Zaburi 46 kwa moyo, "ijapobadilika nchi, ijapotetemeka milima," na watoto wakimjibu kama wimbo. Ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia kweli ile zaburi. Nehemia naye, maadui walipomzunguka, aliomba, na akaweka walinzi usiku na mchana.

5. Msimwagize mfungo mtu ambaye tangu jana hajala. Eliya alipotaka kufa chini ya mti, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye.

6. Aliye na dawa ameze dawa. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na hakumwona mpungufu wa imani.

7. Mliyoambiwa kwenye seli yabaki kwenye seli. "Tumwombee dada fulani, yuko na shida nyumbani kwake na mume" ni umbea uliovalishwa nguo ya Jumapili. Nimeona ndoa ikivunjika kwa ombi la namna hiyo, na tuliolitoa tulikuwa watu wanne wenye nia njema.

8. Amani yenu wenyewe.

Mtachoka. Mnabeba shida za watu kumi na mbili, na za nyumbani kwenu hakuna anayeuliza. Mimi hushikamana na Wafilipi 4, maneno ya mtu aliyekuwa kifungoni: msijisumbue kwa neno lolote, ombeni, shukuruni, na amani ya Mungu itawahifadhi mioyo yenu. Hilo "itawahifadhi", kwa Kigiriki chake, ni neno la askari wanaolinda mji. Paulo analitumia tena 2 Wakorintho 11, anapoeleza jinsi Damaski ilivyolindwa ili akamatwe. Nilipofundishwa hilo nilimfikiri sentineli wa kwetu, yule mwenye kabuti na tochi anayekaa langoni usiku kucha. Wezi hawajaisha mjini kwa sababu yeye yupo, ila ndani ya uzio unalala. Usiku wenye milio ya risasi ninasema mstari ule mara nyingi, polepole, mpaka kupumua kwangu kutulie. Mara nyingine usingizi hauji. Ninasema hivyo hivyo.

Dakika kumi na tano kila asubuhi, kabla ya simu.

Kesho saa tatu tunaenda Birere kwa yule papa kuchambua mabati ambayo moto haukuyaharibu. Kijana wetu nimeshazungumza naye tukiwa wawili. Alilia, kisha akaniuliza atamwambia nini yule papa. Nimemwomba aje na nyundo. Misumari nitabeba mimi.