Umetumwa fiziotherapia kabla ya daktari wa mifupa? Jiandae hivi

Ukipewa rufaa ya daktari bingwa wa mifupa halafu ukaambiwa uanzie fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, usidhani unazungushwa. Maumivu mengi ya mgongo, magoti na mabega hayahitaji kisu, na kuyachambua kunataka mtu mwenye muda wa kukuona ukitembea, ukiinama na ukiinuka kwenye kiti. Siku hiyo hujaenda kuchuliwa. Mtaalamu anatafuta jibu moja: je, kuna kitu hapa ambacho upasuaji unaweza kukirekebisha?

Wapo wasiopaswa kungoja miadi hiyo. Mgongo ukiuma, kisha sehemu za siri na katikati ya matako zikafa ganzi, au mkojo ukagoma kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Neva (mishipa ya fahamu) za chini ya uti wa mgongo huenda zimebanwa, na zikichelewa haziponi vizuri. Kiungo kilichovimba kikawa cha moto, pamoja na homa, nacho hakilali nyumbani. Na mgongo unaouma zaidi usiku, huku uzito unapungua na jasho linakutoka ukiwa umelala, huku kwetu unatufanya tufikirie kifua kikuu cha pingili kabla ya diski (mito laini iliyo kati ya pingili), hata kama hukohoi.

Vaa kaptura, kina mama wanaweza kuivaa chini ya kanga. Jinzi ya kubana humlazimisha mpimaji kukisia. Beba picha zenyewe, si karatasi ya majibu tu. X-ray ya goti iwe imepigwa ukiwa umesimama, maana ya kulala huweza kuficha jinsi nafasi kati ya mifupa ilivyokwisha, na goti lililosagika likaonekana zima. Taja dawa zote, pamoja na ile diklofenaki ya kutuliza maumivu ya duka la mtaani ambayo wengi hawaihesabu kuwa dawa. Kama goti lilichomwa sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe), sema lini: madaktari wengi hawabadilishi goti kwa la bandia kabla ya miezi 3 kupita, kwa kuhofia maambukizi.

Ukiulizwa unaumwa wapi, onyesha kwa kidole kimoja mahali maumivu yanapoanzia na yanapoishia. "Mguu wote" haimsaidii mtu. Yanayoishia kwenye tako au nyuma ya paja mara nyingi si ya neva iliyobanwa. Yanayoshuka hadi chini ya goti, na ganzi kwenye kidole gumba au ukingo wa nje wa wayo, hayo yanatia shaka.

Kisha mtaalamu anakupima kwa mikono yake. Unalala chali, mguu unanyanyuliwa ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, neva inashukiwa. Kukaza kwa msuli wa nyuma ya paja peke yake hakuhesabiki, ingawa kuna wanaokihesabu. Halafu unavuta kidole gumba cha mguu kije juu huku mpimaji akikisukuma chini: kikilegea, anafikiria neva ya L5, inayotoka kwenye pingili ya tano ya kiuno. Unasimama kwa mguu mmoja, unapanda kwa ncha za vidole mara 10. Upande mmoja ukishindwa, na nyundo ikagonga kano ya kisigino bila wayo kushtuka, anafikiria S1, neva inayofuata chini yake. Usijikaze kishujaa wala kujilegeza makusudi; vyote viwili vinampoteza anayekupima.

Matokeo haya ndiyo yanayoipa maana MRI, picha ya sumaku inayoonyesha diski na neva. Diski zilizochakaa huonekana kwa takriban 37% ya watu wa miaka 20 wasioumwa chochote, na 96% ya wenye miaka 80. Picha ikisema diski imetokeza kushoto nawe unaumwa mguu wa kulia, daktari hana pa kukata.

Goti nalo lina hila. Nyonga iliyosagika huweza kuuma gotini tu, kwa hiyo usishangae nyonga yako ikizungushwa wakati umekuja kwa ajili ya goti. Bega lisilosogea hata likisukumwa na mtu mwingine huwa limeganda, hasa kwa wenye kisukari, na kwa kawaida halianzi na upasuaji.

Ukipewa mazoezi, yape wiki 6 hadi 12. Wengi huacha wiki ya pili kwa sababu goti linauma baada ya kuchuchumaa. Maumivu yasiyozidi 5 kati ya 10, yanayotulia ndani ya saa 24, kwa kawaida hayamaanishi unaliharibu. Yakizidi hapo, punguza idadi, usiache kabisa.

Ukirudishwa kwa bingwa, soma barua kabla hujaondoka. Iwe na upande unaouma, nguvu ya misuli kwa alama 0 hadi 5, hali ya ganzi, na mazoezi uliyofanya kwa wiki ngapi. Ikiwa imeandikwa "maumivu ya mgongo, naomba umwone" na sahihi chini yake, mwombe mtaalamu aliyekupima, kwa heshima, aijaze, kwa sababu bingwa ataanza upya kila kitu na ana dakika chache.