Anza na dirisha gumu, ndipo uchague zana za kiolesura

Programu yangu ya kwanza ya kompyuta ilikuwa ya kutunza stoo. Nilichagua Tkinter, zana ya kutengeneza madirisha na vitufe, kwa sababu moja tu: inakuja pamoja na lugha ya Python. Fomu ikapendeza, vitufe vikakaa sawa, mteja akafurahi. Kisha akaleta orodha yake halisi ya bidhaa, mistari 40,000. Dirisha likaganda, naye akazidi kubofya kwa hasira, kana kwamba kubofya kunayeyusha.

Simlaumu Tkinter. Jedwali lake, Treeview, linataka uliingizie kila mstari, nami niliingiza yote 40,000 kwa mkupuo. Nilipohamia Qt, zana nyingine ya kiolesura, nikakuta jedwali lake, QTableView, ina tabia nyingine kabisa. Yenyewe haitunzi data, inaiuliza modeli yako, yaani sehemu ya programu inayoshika data, "mstari wa 12, safu ya 3 kuna nini?", na inachora vile tu vinavyoonekana kwenye skrini. wxWidgets, zana ya tatu, nayo ina orodha ya namna hiyo, ukiiwekea alama ya wxLC_VIRTUAL. Haya yote ningeyajua kwa jioni moja kama ningeanza na lile jedwali badala ya kuremba fomu ya kuingilia.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijaamua, nachukua dirisha linalonitisha kuliko yote, iwe ni jedwali, grafu au uchapishaji, naliandika kwa zana mbili tofauti nikitumia data halisi. Inayonitoa jasho kidogo ndiyo ninayobaki nayo.

Leseni isome siku hiyohiyo. Mimi nilifika nusu ya kazi nikiwa na PyQt, njia ya kutumia Qt kwa Python, ndipo nikagundua leseni yake ni GPL, inayokutaka utoe msimbo wa programu unayosambaza, la sivyo ulipie. Mteja hakutaka kutoa msimbo wake. PySide ni Qt ileile chini ya LGPL, leseni isiyokulazimisha kutoa msimbo wako mwenyewe, kwa hiyo nilibadilisha mistari ya import na majina machache, pyqtSignal ikawa Signal. Niliponea chupuchupu.

Kama timu yako inajua HTML tu, Electron, inayojenga programu za kompyuta kwa zana za wavuti, itawafikisha. Ila kila programu inabeba kivinjari cha Chromium na Node.js (kiendesha JavaScript) yake, hata yenye kitufe kimoja inazidi MB 100. Tauri, ya aina hiyohiyo, ni nyepesi kwa kuwa inaazima injini ya wavuti iliyomo kwenye mfumo; matokeo yake, kinachopendeza kwenye Windows huenda kikapinda kwenye Linux. Na kama watumiaji wako wote wako Windows, WinForms, zana ya Microsoft, ni ya tangu 2002 na bado inapiga kazi. Acha wacheke.

Jaribio langu la mwisho ni kuchomoa kipanya. Karani anayeingiza data kutwa anaishi kwa Tab na Enter. Vijenzi vya kawaida vya Qt au wxWidgets vinazielewa tangu mwanzo. Kile kitufe cha mviringo nilichojichorea mwenyewe, nikijiona fundi, Tab ilikiruka kana kwamba hakipo.