Seva iko Dar, wewe uko Tabora: namna ya kuuliza bila kumaliza bando

Ukiwa na ghala la asali hapa Tabora na mauzo yanaingizwa kwenye seva ya Dar es Salaam, lazima siku moja mhasibu atataka kuona mzigo wa huku na hela za kule kwenye ukurasa mmoja. Wengi hutoa faili la Excel kule, likaja kwa WhatsApp, likapakiwa huku. Kwa PostgreSQL, programu ya kanzidata (hifadhi ya taarifa kwa majedwali), hakuna haja. Tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013 kuna kiongezi chake, postgres_fdw: jedwali la mbali unaliuliza kama vile limo kwenye mashine yako. Kanzidata nyingine kama Oracle na SQL Server nazo zina njia zao, ila mimi nashinda na hii.

Kuunganisha ni kazi ya dakika chache. CREATE SERVER kwa anwani, CREATE USER MAPPING kwa jina na nywila, kisha IMPORT FOREIGN SCHEMA inakuletea maumbo ya majedwali. Omba akaunti ya kusoma tu, kwa sababu nywila hiyo inakaa ndani ya kanzidata yako na msimamizi mkuu wake anaweza kuiona.

Shughuli iko kwenye kinachosafiri njiani. Chukua swali la mauzo ya wiki, lenye sharti la kuchuja (WHERE) na saa ya sasa (now()): WHERE tarehe > now() - interval '7 days'. Linatoa jibu sahihi, lakini linachelewa na bando linayeyuka. Litangulizie EXPLAIN VERBOSE, amri inayoonyesha mpango wa kulijibu, usome mstari ulioandikwa Remote SQL, yaani swali linalopelekwa Dar. Utakuta WHERE haimo. Maana yake mauzo ya miaka yote yanavutwa hadi Tabora ndipo yachujwe. Ni kama kuagiza lori zima la asali kutoka Sikonge ili uonje kijiko. postgres_fdw hupeleka mbali masharti ambayo jibu lake halibadiliki kabisa, na now() hutoa saa tofauti kila muamala mpya unapoanza. Programu yako ikokotoe tarehe kwanza, iiweke kwenye swali kama thamani kamili. Rudia EXPLAIN, utaiona WHERE imekwenda Dar.

Halafu kuna fetch_size, idadi ya rekodi zinazoletwa kwa mkupuo. Kwa kawaida ni 100, yaani rekodi huja mia mia, na kila mia ina safari yake ya kwenda na kurudi. Kwa laini zetu hizi, ipandishe hadi 2000 hivi. Kama bado uko chini ya toleo la 10, panda: kuanzia hapo hata jumla na hesabu nyingi hupigwa kule kule, ukapokea jibu tu.

Ukurasa unaofunguliwa kila saa usiuelekeze Dar moja kwa moja. Tengeneza MATERIALIZED VIEW hapa, yaani nakala iliyohifadhiwa ya jibu la swali, uifanyie REFRESH (kuihuisha) usiku. Laini ikikatika katikati, REFRESH inashindwa na nakala ya zamani inabaki nzima, kwa hiyo mhasibu bado ana cha kuangalia asubuhi. Kwa kurasa zinazouliza Dar moja kwa moja, weka na connect_timeout, ukomo wa muda wa kusubiri kuunganishwa, la sivyo siku mtandao ukisuasua ukurasa utaganda na simu zitaanza kulia.

Kuandika kule kupitia njia hii inawezekana, ila sishauri. postgres_fdw haina uthibitisho wa hatua mbili (two-phase commit), yaani pande zote kuwa tayari kwanza ndipo badiliko likubaliwe, hivyo Dar inaweza kukubali badiliko halafu Tabora ikalikataa. Mauzo yaandikwe na programu ya kule kule, huku tusome.